Tulishirikishwa Zege Likiwa Limekauka

Wenzangu wa meza ya kuchambua mmenitaka niandike, kwa sababu, kwa maneno ya mmoja wenu, "Bibi ukifa na haya mambo nani atatusimulia?" Sijafa. Nimestaafu tu, ingawa pale kiwandani wengi hawaoni tofauti. Naandika nikiwa barazani kwangu Bigwa, mlima umejifunika ukungu mpaka shingoni, na hakuna king'ora cha kuniamrisha niinuke. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo nilipata kimoja, na mshahara wangu mnaujua kwa kuwa wenu ni huo huo.

Siku ya kwanza nilifika getini Kihonda nimevaa viatu nilivyovaa kwenye harusi ya dada yangu. Nilidhani kiwandani watu huenda wamependeza. Kiwanda, ambacho jina lake nitaliacha lilale, kilikuwa kikikausha mboga: karoti, hoho, vitunguu, kabichi. Vyote vilishuka kwa malori kutoka Mgeta, kule mlimani, na vilitoka kwetu vimesinyaa ndani ya mifuko, vikaenda Dar es Salaam na ng'ambo. Nilikabidhiwa kisu kifupi, aproni ya mpira iliyonifika vifundoni, na mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa Bi Leokadia, msimamizi wa meza, mwanamke mwembamba wa Mgeta, mkali kuliko kile kisu. Alivitazama viatu vyangu akasema, "Hivyo utavizika leo." Kufika mchana nilikuwa nimesimama peku kwenye maji ya karoti.

Bi Leokadia alinifundisha kazi bila kunisifu hata mara moja, nami namshukuru kwa hilo. Karoti, alisema, ipime kwa mkono kabla ya jicho, kwa maana iliyoliwa ndani ni nyepesi. Kisu nolea kwenye ukingo wa sinki la saruji, usimpelekee fundi, kwa sababu fundi atakifanya kikali mno na huna vidole vya akiba. Kitunguu usikichambue ukiwa na hasira, utalia mara mbili. Na siku moja, huku anatupa hoho iliyooza, akanipa somo ambalo halikuwa la mboga. "Bosi akikuuliza jambo, usikimbilie kujibu. Jiulize kwanza: nikikataa, kitabadilika kitu? Kama hakuna, basi hajakuuliza. Amekusalimia tu."

Chama cha wafanyakazi hatukuwa nacho. Hatukukatazwa. Ila kila mwaka mpya meneja wetu, Bwana Elifuraha, mtu mpole anayevaa tai hata siku za joto la kuivisha maembe, alitukumbusha kwamba sisi ni familia, na familia haihitaji chama. Ni kweli tulikuwa familia. Baba alikuwa na ufunguo wa geti, na watoto walipekuliwa mikoba wakati wa kutoka. Nasi wenyewe tulikuwa wazito. Ukimtajia mtu habari za chama alisema ni wazo zuri sana, aanze mwingine.

Badala ya chama tulipewa sanduku la maoni. Lilitundikwa mkabala na dirisha la meneja, ili anayetoa maoni kwa siri aonekane vizuri. Ufunguo wake ulipotea mapema na hakuna aliyeutafuta. Mwishowe manyigu wakajenga humo ndani, wakamuuma mhasibu sikioni, na siku hiyo hiyo uongozi ukafungua mlango wa pili wa kuingilia ofisini. Manyigu hao ndio wafanyakazi wa kwanza niliowaona wakisikilizwa pale kiwandani.

Kisha akapita mkaguzi wa kazi, mama mtulivu mwenye miwani. Aliuliza swali moja tu: "Hapa hakuna chama. Sasa mnashaurianaje na wafanyakazi?" Bwana Elifuraha akajibu kwa ufasaha kwamba tunashauriana sana. Wiki iliyofuata tukawa na Kamati ya Mashauriano, ili jibu lake liwe kweli. Wajumbe tulichaguliwa kidemokrasia: meneja alisoma majina, watu wakapiga makofi. Niliingia mimi, akaingia Bi Leokadia, na wengine wa idara nyingine.

Yule mkaguzi, kabla hajaondoka, alisimama mezani petu akatueleza sheria kwa Kiswahili chepesi. Alisema mwajiri akikusudia kupunguza watu, atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane juu ya njia za kuepuka jambo lenyewe, na juu ya nani aondoke na kwa kigezo gani. Pale pasipo na chama, ashauriane na wafanyakazi wenyewe. Na yote hayo yafanyike kabla hajaamua. Tuliitikia wote kwa vichwa, kama watu wanaosikiliza mawaidha ya ndoa huku wananusa pilau. Kisha tukarudi kwenye karoti zetu.

Kikao cha Kamati kilikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Meneja anaeleza kitakachofanyika. Anauliza, "Kuna mwenye swali?" Tunatazama meza. Hapo mlango unafunguliwa na chai inaingia, ya maziwa, pamoja na vitumbua vya moto. Mjumbe wa kwanza akishainua kikombe, afisa utumishi anaandika kwamba wajumbe walishirikishwa kikamilifu na wakaridhia. Watu wengine hufunga mikutano yao kwa sala. Sisi tuliufunga wetu kwa kitumbua, na hakuna aliyeona ajabu, maana vilikuwa vitumbua vizuri.

Kwa namna hiyo tulishirikishwa mambo mengi. Tuliulizwa sare ziwe za bluu au kijani. Tukashauri kijani, kwa sababu bluu inaonyesha madoa ya karoti. Zikaja za bluu, na tulipouliza tukaambiwa maoni yetu yalisaidia sana katika kufikia uamuzi. Tulishirikishwa kuhusu kubadilisha saa ya chakula cha mchana wakati tumeshaanza kula kwa saa mpya. Bi Leokadia alikunywa chai yake taratibu, akanong'ona, "Leo tumesalimiwa vizuri." Muda si mrefu naye akastaafu, akarudi kwao Mgeta kulima njegere, nami nikaachiwa usimamizi wa meza.

Sasa nifike kwa Tekla, kwa sababu haya yote yanamhusu yeye.

Tekla alikuja kwetu akichechemea. Amezaliwa Mgeta, na tangu utoto kazi yake ilikuwa kubeba kabichi kichwani kutoka mashamba ya juu mpaka barabarani kwenye malori. Njia za kule mnazijua, au kama hamzijui, chukueni ngazi mzimwagie maji na udongo. Masika moja aliteleza na tenga lake, goti likasagika. Mama yake na watoto wake wawili wanakula kwa mkono wake. Mtu wa Mgeta asiyeweza kushuka na mzigo hana pa kushika kule, kwa hiyo alishuka bila mzigo, akaja Kihonda. Tulimtafutia stuli akachambua akiwa amekaa. Alikuwa na mikono myepesi na sauti nzuri ya kwaya. Na alikuwa wa mwisho kuajiriwa katika meza yetu, jambo ambalo wakati huo halikumshughulisha mtu.

Mwenzetu mwingine mezani alikuwa Kabula, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi Waluguru ni watani wa Wanyamwezi, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata msibani. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Kabula aliitumia ruhusa hiyo bila kubakiza. Kila Jumatatu aliniuliza sanda yangu nimeshainunua au nangoja mchango.

Habari za mashine ya kuchambua zilianza kama uvumi wa madereva. Kisha wakaja mafundi, wakachimba sakafu nyuma ya meza yetu na kumwaga zege, jukwaa pana, limenyooka, na vyuma vinne vimechomoza. Tukauliza ni nini, tukaambiwa ukarabati. Tulilizunguka lile jukwaa, tukalizoea, na lilipokauka Kabula akaanza kulikalia wakati wa chakula. Ndipo Kamati ikaitwa kushauriana iwapo kiwanda kinunue mashine.

Bwana Elifuraha alizungumza vizuri. Alisema kuna mchakato wa maboresho, kwamba huenda meza ya kuchambua ikapunguziwa watu, na kwamba hakuna lililoamuliwa, yote ni mapendekezo. Kigezo kinachopendekezwa ni aliyeingia mwisho atoke kwanza. Sikuhitaji kalamu kujua jina la kwanza ni la nani. Kupitia dirisha la chumba cha mkutano lile zege lilionekana lote.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Elifuraha, na lile zege nalo ni pendekezo?"

Akalitazama. "Lile," akasema, "ni maandalizi ya pendekezo."

Mlango ukafunguliwa, chai ikaingia. Nakiri harufu ilikuwa nzuri. Vikombe vikapangwa, vitumbua vikazunguka, na afisa utumishi akaishusha kalamu yake kwenye karatasi. Sikuwa nimepanga kitu. Nilikiona tu kile kikombe mbele yangu nikajua kwamba nikikiinua, Tekla amekwenda.

"Samahani, meneja," nikasema. "Kwetu Matombo, mshenga akija kuposa hanywi hata maji mpaka wajomba wa binti wajibu. Akinywa kabla, amekubali chochote atakachoambiwa. Sisi leo tumekuja kwa shauri la watu. Hiyo chai ikae kwanza."

Wajumbe wengi walikuwa Waluguru, hawakuhitaji tafsiri. Mikono ikaenda chini ya meza, mmoja baada ya mwingine. Mjumbe wa walinzi alikuwa ameshang'ata kitumbua; akakirudisha sahanini, upande ulioumwa ukimwelekea meneja.

"Karibuni chai, jamani," akasema Bwana Elifuraha.

"Ahsante, tumeshiba."

"Basi ziletwe soda?"

"Soda nazo zingoje, meneja."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba uongozi haukuwa na namna nyingine ya kufunga kikao. Meneja alirudia maelezo yake tangu mwanzo. Akauliza kama kuna mwenye swali, nasi tukasema swali ni lile lile. Akatoka kupiga simu, akarudi, akatukuta tulivyokuwa. Chai ikaota utando. Afisa utumishi alishika kalamu hewani mpaka akaihamishia mkono wa pili. Mwishowe Bwana Elifuraha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote ile: alilegeza tai. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na watu. "Ninyi mlitaka tufanyeje?"

Na sisi, mashujaa wa chai, tukanyamaza.

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumejiandaa miaka mingi kulalamika kwamba hatuulizwi, na siku ya kuulizwa tukabaki tunatazamana kama wanafunzi waliosoma sura isiyotoka kwenye mtihani. Kibaya zaidi, niligundua kwamba sisi wajumbe nasi tulikuwa hatujamuuliza mtu. Tulikuwa tukitoka kikaoni tunawaambia wenzetu kilichoamuliwa, na tofauti yetu na meneja ilikuwa tai. Nikasema, "Tupe nafasi tukawaulize wenzetu." Akakubali upesi. Nadhani alikuwa na kiu.

Siku ya pili wakati wa chakula niliwakusanya wanawake wa meza yetu pale pale kwenye zege. Nikawaeleza yote, nikauliza, "Mnaonaje?" Kwanza walicheka. Walidhani nasema hivyo kwa ajili ya mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Walipoona nangoja kweli, wakaanza. Mmoja hakutaka mashine kabisa. Mwingine akasema mashine inakuja hata tukifunga saumu, ila itahitaji watu wa kuilisha, kuiosha na kufungasha kinachotoka, kwa hiyo tugombanie nafasi hizo. Mwingine, na huyu alinishangaza, akasema yeye amechoka siku nyingi, angelipwa haki zake kwa utaratibu angekwenda Dumila kufungua genge, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkono mwingine ukainuka, naye vilevile.

Likabaki lile la aliyeingia mwisho. Tekla alikuwa kwenye stuli yake, anachezea ukingo wa aproni.

"Tekla, unasemaje?"

"Mimi ndiye wa mwisho, Mama. Nitasemaje?" Kisha akasema polepole, "Ila Mgeta siwezi kurudi. Goti hili linashuka mlima kwa shida hata bila mzigo, seuze na tenga."

Ndipo Kabula, mdomo umejaa ugali, akanigeukia.

"We Mluguru, wewe si marehemu? Umri wa kustaafu kwa hiari umeshaupita, umeng'ang'ania hapa unanuka karoti, unamzibia mtoto wa watu nafasi. Hebu kafie nyumbani, tuje tule ubwabwa wako!"

Wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Na mimi nilicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, na kila mtu akaanza kutazama chakula chake. Kwa sababu ilikuwa kweli. Watu wa umri wangu tulikuwa wachache pale mezani, na sote tukitangulia, Tekla anabaki.

Iliniuma. Nilikuwa nimekataa chai mbele ya meneja ili watu hawa waulizwe, na jibu lao la kwanza lilikuwa niondoke mimi. Nilitamani kukasirika, ila kwa mtani unakasirikaje? Nikawaza pia kwamba naweza kuliacha lipite. Ni mzaha, na mzaha haupelekwi kikaoni.

"Kabula," nikasema, "huo ni utani au ni shauri?"

Akatafuna, akameza. Macho yake hayakuwa ya mzaha tena. "Ulianza kama utani, dada."

Nikaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka taratibu, kama mikono ya watu wanaosukuma mlango wa mgonjwa. Wenzangu wa rika langu nao wakanyoosha, mmoja akifuta macho. Tekla hakunyoosha, alijifunika uso kwa aproni. Mkono wangu ulikuwa wa mwisho.

Kikao kilichofuata niliyasoma kama yalivyosemwa. Waulizwe kwanza wanaotaka kuondoka wenyewe. Waulizwe pili waliofikia umri wa kustaafu kwa hiari, nikaanza kwa kujitaja mwenyewe. Waliobaki wagawanywe kati ya mashine na ufungashaji, na kile kigezo cha aliyeingia mwisho kitupwe. Bwana Elifuraha alibisha hapa na pale, hasa habari ya stuli mbele ya mashine, ambayo aliona itaharibu mandhari ya kisasa. Akakubali karibu yote. Nadhani alikuwa ameshawaambia wakubwa wake wa Dar es Salaam kwamba anashauriana, ikawa hana mlango wa kutokea. Siku hiyo tulikunywa chai, ilikuwa baridi, na haikutusumbua.

Mliokuwepo kwenye hafla ya kuniaga mliisikia hotuba. Uongozi, alisema meneja, baada ya tafakuri ya kina, ulibuni mpango ambao haukumwachisha kazi hata mtu mmoja kwa lazima, na hii ni kutokana na utamaduni wetu wa ushirikishwaji. Kabula alipiga makofi kuliko wote, akinitazama. Nilizawadiwa saa ya ukutani, kwa hiyo sasa najua kwa usahihi mkubwa kwamba sina pa kuchelewa. Naikosa kazi, wanangu. Sitawadanganya. Asubuhi mkono unatafuta kisu kabla macho hayajafunguka.

Tekla anailisha mashine, amekaa kwenye stuli. Mkamchagua kuingia Kamati mahali pangu, kwa mikono, na safari hii hakuna aliyesoma majina kutoka mbele. Niliposikia nilifurahi kuliko nilivyofurahia ile saa.

Juzi akanipigia simu wakati wa mapumziko yenu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Lipo. Mama, wametuita kikao kesho. Wanataka kubadilisha zamu, wengine waingie jioni. Nikaona nikuulize wewe mzoefu, tukajibu nini?"

Nisiwafiche, niliketi vizuri. Nilijisikia mtu. Kabla hajamaliza nilikuwa na majibu, tena mazuri, na mfano wa kunogesha, na mahali pa kumkata meneja kauli. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa kingine.

"Wa mezani wamesemaje?"

Nikasikia sauti zenu nyuma yake.

"Bado sijawauliza."

"Kata simu."

"Nimekosea, Mama?"

"Hujakosea. Kata simu, uende."

Akakata. Nikabaki barazani na majibu yangu yote mdomoni, nikayameza moja moja.